Umezungusha sumaku mara moja, ukinzani ukapanda mara mbili

Msomaji, mwanafunzi wa fizikia, ameniandikia hivi:

"Nina utepe wa pamaloi, yaani aloi ya nikeli kama asilimia 80 na chuma 20, uliopakwa juu ya silikoni yenye oksidi. Urefu ni milimita 1, upana mikromita 20, unene nanomita 30. Nimepitisha mkondo wa miliampea 1 kwa urefu wa utepe, kisha nikazungusha sumaku ya kudumu pembeni yake, uga kama militesla 80. Ukinzani unacheza kati ya omu 327 na 333, lakini unapanda na kushuka mara mbili kwa mzunguko mmoja, na nikigeuza kaskazini ya sumaku kuwa kusini hakuna kinachobadilika. Nikiweka jozi ya koili badala ya sumaku, militesla 1.2, mchoro unaharibika: ukinzani unashuka hadi kama 329 halafu unaruka ghafla kurudi juu. Nikielekeza sumaku wima juu ya utando, sioni kitu. Nimekosea wapi? Na nikipunguza unene hadi nanomita 5, badiliko litakuwa kubwa zaidi?"

Hujakosea popote. Vipimo vyako ni safi kuliko vingi ninavyoletewa, na hayo matatu unayoyadhania makosa yametoka kwenye chungu kimoja. Utepe wako hausomi uga wa sumaku uliyoishika. Unasoma usumaku wake wenyewe, na hata huo unausoma nusunusu: unajua umelala kwenye mstari gani, haujui umeelekea ncha ipi ya mstari huo. Kwa Kiingereza tukio hili huitwa anisotropic magnetoresistance, yaani ukinzani unaotegemea mwelekeo wa usumaku.

Twende taratibu. Katika feromagneti kama nikeli, chuma na kobalti, kila atomi ni sumaku ndogo, na atomi jirani hulazimishana kuelekea upande mmoja bila kungoja amri kutoka nje. Utepe wako ni sumaku tayari kabla hujausogezea chochote. Kiasi cha usumaku huo, kwa pamaloi, ni kama tesla 1, na militesla zako 80 haziwezi kukiongeza wala kukipunguza kwa namna utakayoiona. Zinachoweza ni kuugeuza. Sumaku uliyoishika ni usukani tu. Ukinzani unatazama magurudumu yameelekea wapi.

Sasa chukua pembe kati ya mkondo na usumaku, uiite θ. Usumaku ukilala sambamba na mkondo, ukinzani ni mkubwa, Rs. Ukikingama na mkondo, ukinzani ni mdogo, Rk. Kwa pembe za katikati:

R = Rk + (Rs − Rk) cos²θ

Kwa utepe wako ni R = 327 + 6 cos²θ, na ukipanga upya hesabu hiyo unapata R = 330 + 3 cos 2θ. Hiyo 2 iliyokaa mbele ya θ ndiyo inayokupa vilele viwili kwa mzunguko mmoja. Kipeo cha pili cha kosaini hakijali alama ya kujumlisha au ya kutoa, kwa hiyo pembe ya 0 na ya 180 zinatoa jibu lilelile, ndiyo maana kugeuza sumaku hakukukusaidia. Hata bila fomula ingebidi iwe hivyo. Kanuni ya ulinganifu aliyoitoa Lars Onsager mwaka 1931 inadai kwamba ukinzani unaopimwa kati ya ncha mbili za kipande chochote hauwezi kubadilika ukigeuza uga na usumaku vyote pamoja. Utepe rahisi kama wako usingeweza kukutofautishia kaskazini na kusini hata ungeubembeleza vipi.

Kabla ya kuendelea niseme jambo kuhusu namba zako. Omu 6 juu ya 327 ni asilimia 1.8, na hicho ndicho ninachotarajia kwa pamaloi ya unene huo kwenye joto la kawaida. Halafu gawanya utepe katika miraba ya mikromita 20 kwa 20: ipo 50. Omu 330 kwa miraba 50 ni omu 6.6 kwa mraba, ukizidisha na unene unapata ukinzani mahususi, yaani ule wa metali yenyewe bila kujali umbo la kipande, wa mikroomu-sentimita 20 hivi. Hiyo nayo ni pamaloi ya kawaida. Aliyekupakia utando huo anajua kazi yake.

Kwa nini lakini pembe iwe na maana yoyote? Jibu ambalo wanafunzi wengi hunipa, na ambalo niliwahi kuliandika mimi mwenyewe kwenye mtihani, ni kwamba uga wa sumaku unapinda njia ya elektroni, elektroni inasafiri mwendo mrefu zaidi, ukinzani unapanda. Jibu hilo halifai hapa. Elektroni ndani ya pamaloi husafiri nanomita chache tu kabla ya kugonga kitu na kubadili uelekeo, na kwa umbali mfupi hivyo kupindwa kwake hakuonekani. Zaidi ya hapo, kama kupinda njia ndiyo siri, usumaku uliokingama ndio ungeongeza ukinzani, kwa sababu nguvu ya sumaku haiisukumi elektroni inayokwenda sambamba nayo. Wewe umepata kinyume: sambamba ndiko kwenye omu 333.

Sababu ya kweli imejificha katika kugongana kwenyewe. Mkondo hubebwa hasa na elektroni za ganda la 4s, nyepesi na zenye mbio. Pembeni mwao zipo nafasi tupu za ganda la 3d, ambazo ni nzito na zembe. Elektroni ya 4s ikigonga dosari au mtetemo wa fuwele inaweza kudondokea kwenye nafasi ya 3d, na ikishadondoka huko ni kama gari lililoacha lami likaingia kwenye mchanga. Nevill Mott alilieleza hili mwaka 1936, akaongeza jambo muhimu: kwa kuwa elektroni zina spini (usumaku wao mdogo wa kuzaliwa) za aina mbili, na kwa kuwa katika nikeli nafasi tupu za 3d karibu zote ni za spini moja, mikondo ni miwili inayokwenda bega kwa bega. Kundi moja lina mchanga pembeni, jingine lina lami tupu. Kundi la lami ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mkondo.

Mpaka hapo pembe bado haijaingia. Inaingizwa na mfungamano wa spini na obiti, yaani ule uhusiano kati ya spini ya elektroni na jinsi inavyozunguka kiini. Mfungamano huu huchanganya kidogo spini za nafasi za 3d, kwa hiyo kundi la lami nalo linafunguliwa mlango mdogo wa kuingia mchangani. Na mlango huo hauko wazi sawasawa pande zote. Umbo la mawingu ya 3d limefungwa na mwelekeo wa usumaku. Ukigeuza usumaku, mawingu nayo hugeuka. Elektroni inayokwenda sambamba na usumaku inakuta mlango mpana zaidi, inayokwenda kwa kukingama inakuta mwembamba zaidi. J. Smit aliipeleka hoja hiyo mpaka kwenye hesabu mwaka 1951. Kwa metali za kawaida hoja hiyo inatoa Rs iliyo kubwa kuliko Rk, ingawa si sheria ya ulimwengu: nitridi ya chuma Fe4N, kwa mfano, hufanya kinyume, ukinzani wake ukiwa mdogo pale usumaku unapolala sambamba na mkondo.

Tukio lenyewe lilijulikana zamani sana kabla ya mtu yeyote kujua elektroni ni nini. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alichapisha mwaka 1857 kwamba chuma na nikeli hupitisha umeme kwa shida zaidi kwa upande ule zilikosumakishwa, na kwa urahisi zaidi kwa upande unaokingama. Elektroni iligunduliwa miaka arobaini baadaye.

Turudi kwenye koili zako, maana hapo ndipo penye utamu. Mchoro wako haukuharibika. Uliacha kuushika usukani kwa nguvu, na utepe ukaanza kukuonyesha tabia yake.

Utepe mrefu na mwembamba hupenda usumaku wake ulale kwa urefu. Ukiulazimisha ukingame, kwenye kingo mbili za upana hujitokeza ncha za kaskazini na kusini, na ncha hizo huzaa uga wa ndani unaousukuma usumaku urudi ulikotoka. Kwa makadirio, nguvu ya uga huo ni unene ukigawanywa kwa upana, mara usumaku wote: nanomita 30 kwa mikromita 20 ni 0.0015, mara tesla 1, ni militesla 1.5. Pamaloi yenyewe huwa na upande inaoupendelea, unaotokana na uga uliokuwepo wakati wa kuipaka. Mara nyingi unachangia kama nusu militesla. Nikidhani upendeleo huo wako umelala kwa urefu wa utepe, jumla ni militesla 2. Hicho ndicho kiasi unachohitaji ili usumaku ukingame kabisa. Sumaku yako ya militesla 80 ilizidi hapo mara arobaini, kwa hiyo magurudumu yalifuata usukani bila ubishi. Koili zako zina 1.2, yaani sehemu 0.6 tu ya kinachohitajika.

Wanafizikia Stoner na Wohlfarth walifanya hesabu ya hali hii mwaka 1948, na nimeipitisha kwa namba zako. Anza na koili zikielekea urefu wa utepe: R ni 333. Zungusha koili polepole. Usumaku unafuata lakini unachelewa. Koili zikifika digrii 90 usumaku umefika digrii 37 tu, na R ni 330.8. Endelea. Koili zikipita 90, usumaku unazidi kuvutwa, 40, 45, 50, mpaka koili zikiwa digrii 107 na usumaku digrii 56, ambapo R imeshuka hadi 328.9. Hapo mizani inavunjika. Usumaku hauwezi tena kukaa uliko. Unaruka na kutua upande wa pili, digrii 29 hivi kutoka ncha nyingine ya utepe, na R inajikuta 331.6. Uliniandikia "kama 329 halafu unaruka". Nilipoona namba hiyo nilicheka peke yangu.

Unaweza kulithibitisha kesho asubuhi. Zungusha koili kurudi nyuma, kutoka 180 kwenda 0, na utaona ruko haliko tena kwenye 107 bali karibu na 73. Pengo hilo la digrii 34 ni histeresisi, yaani hali ya kitu kutegemea kimetokea upande gani, na linatoka kwenye usumaku, si kwenye nyaya zako wala mota yako. Kisha punguza mkondo wa koili mpaka uga uwe chini ya militesla 1: kwa nadharia hii ruko litatoweka kabisa, usumaku utabaki unatikisika kandokando ya upande mmoja bila kuvuka. Uongeze hadi 3, na vilele viwili laini vitarudi.

Usishangae ruko likitokea mapema kidogo kuliko nilivyosema. Hesabu ya Stoner na Wohlfarth inachukulia utepe mzima ni sumaku moja inayogeuka pamoja kama kijiti. Utepe wa kweli una njia ya mkato: domeni ndogo, yaani eneo ambalo usumaku wake wote umeelekea upande mmoja, huzaliwa ikiwa imegeuka kwenye ncha au kwenye kingo yenye makovu, halafu ukuta wake unakimbia kwa urefu wa utepe na kuugeuza wote. Na hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wazoefu. Chukua utepe ambao nusu yake imeelekea ncha hii na nusu nyingine imeelekea ncha ile, usumaku wa jumla sifuri. Ukinzani wake ni 333 uleule. Ukisoma 333 huwezi kusema kama utepe umesumakika wote kwa upande mmoja au umegawanyika nusu kwa nusu. Mtu akikuambia amepima usumaku kwa njia ya ukinzani peke yake, muulize amejuaje.

Kuhusu sumaku uliyoielekeza wima. Utando ni bapa sana, kwa hiyo uga wa ndani unaopinga usumaku usisimame wima ni karibu usumaku wote, tesla 1 nzima. Militesla 80 zinauinua kwa kiasi ambacho saini ya pembe yake ni 0.08. Piga kipeo cha pili, 0.0064, mara omu 6: badiliko ni omu 0.04. Kwenye kipimo kinachoonyesha tarakimu moja baada ya nukta, hiyo ni kimya. Ili uone ukinzani ukishuka kweli kwa njia hii unahitaji sumaku-umeme inayovuka tesla 1.

Ila jihadhari. Sumaku yako ikiinama digrii 2 tu kutoka wima, sehemu ya uga inayolala kwenye utando ni 80 mara saini ya digrii 2, yaani militesla 2.8. Hiyo inatosha kuukingamisha usumaku wote na kukupa omu 6 kamili, nawe utaandika kwenye daftari kwamba utando wako unaitikia uga wa wima. Nimesoma rasimu zenye kosa hilo. Kwamba hukuona kitu maana yake ama mkono wako ulikuwa imara mno, ama uliinamisha sumaku kwa upande wa urefu, ambako usumaku ulikuwa umeshalala.

Nanomita 5 hazitakusaidia. Ninaelewa unakotoka: utepe mwembamba una ukinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo badiliko nalo litakuwa kubwa. Omu zitaongezeka, hilo kweli. Lakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo itatoka kwa elektroni zinazogonga uso wa juu na wa chini wa utando, na kwenye mipaka ya chembe za fuwele ambazo katika utando mwembamba hubaki ndogo. Migongano hiyo haijali sana usumaku umelala wapi. Inaongeza ukinzani mahususi wa msingi huku tofauti kati ya sambamba na kukingama ikibaki palepale au ikipungua, kwa hiyo asilimia inashuka. Juu ya hapo, nanomita moja au mbili za juu zitaliwa na oksidi iwapo hukuzifunika, na kwenye utando wa nanomita 5 hiyo ni hasara kubwa. Ukitaka asilimia iongezeke, nenda upande wa pili: unene wa nanomita 30 hadi 50, tabaka la tantali chini yake ili fuwele zijipange vizuri, na kuupasha moto kwenye ombwe ili chembe zikue. Tahadhari moja: ukichagua platini badala ya tantali kwa kufunika au kutandika, fahamu kwamba platini inapitisha sehemu ya mkondo wako, na inaleta pia ukinzani wa aina nyingine unaotokana na mkondo wa spini, ambao nao unategemea mwelekeo wa usumaku lakini kwa kanuni yake. Kuutenganisha na huu wa kwako kunahitaji kuzungusha uga katika bapa tatu tofauti. Si kazi ya kujitafutia ukiwa bado unajifunza.

Kuna adui hukumtaja, na huyo namwogopa kuliko wote: joto. Ukinzani wa utando kama wako hupanda kwa asilimia 0.2 hadi 0.3 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, yaani omu 0.7 hadi 1. Badiliko lako lote la omu 6 linaweza kuigizwa na digrii sita hadi tisa za joto. Miliampea 1 haipashi utepe wako kwa kiasi cha kukusumbua, silikoni chini yake inafyonza joto hilo haraka, lakini chumba chenyewe kinaweza kukupaka matope. Zamani nilitumia siku nne nikitafuta maana ya vilele viwili visivyolingana, kimoja kirefu kuliko mwenzake kwa sehemu ya kumi ya omu, kila mzunguko, bila kukosa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika nadharia. Chanzo kilikuwa taa ya hadubini niliyoiacha ikiwaka, na mkono ulioshika sumaku uliokuwa ukikatiza mwanga wake mara moja kwa kila mzunguko na kukiweka kipande kivulini. Kitu chochote kinachojirudia mara moja kwa mzunguko, na si mara mbili, kishuku kwanza. Pima kwa nyaya nne, mbili za mkondo na mbili za volteji, geuza uelekeo wa mkondo kwa kila nukta na uchukue wastani, ili volteji inayozalishwa na tofauti za joto kwenye viungo ijifute yenyewe.

Njia ya kiufundi zaidi ni daraja la Wheatstone, yaani vikinzani vinne vilivyounganishwa ili kupima tofauti kati yao, lenye mikono minne yote ya pamaloi kwenye bamba lilelile, miwili ikilala upande mmoja na miwili ikikingama. Joto linapopanda, mikono yote inapanda pamoja na daraja halioni. Usumaku unapogeuka, miwili inapanda na miwili inashuka.

Daraja la namna hiyo ndilo kiini cha vihisi vya pembe vinavyotumika kwenye mashine. Sumaku ndogo hubandikwa kwenye mhimili unaozunguka, kihisi hukaa mbele yake kikiwa kimeshikwa na uga mkubwa, kama ulivyofanya na militesla 80. Daraja moja linatoa cos 2θ. La pili, lililogeuzwa digrii 45, linatoa sin 2θ. Ukigawanya moja kwa jingine unapata pembe. Uzuri wake ni kwamba nguvu ya sumaku haina maana, alimradi inatosha kuushika usumaku. Ikizeeka, ikipata joto, ikisogea kidogo, pembe inabaki ileile. Ubaya wake unaujua tayari: kihisi hicho hakitofautishi digrii 30 na 210.

Kwa uga mdogo, kama wa dunia ambao ni mikrotesla 25 hadi 65, mambo ni magumu zaidi. Mikrotesla 50 zikikingama na utepe wako zinaugeuza usumaku kwa saini ya 0.025 tu. Kipeo chake cha pili mara omu 6 kinakupa omu 0.004, na bado hujui uga umetoka kushoto au kulia. Kosa si la pamaloi. Umeketi juu ya kilele cha mlima, mahali palipo tambarare, ukitafuta mteremko. Mteremko mkali uko kwenye digrii 45. Unaweza kuupeleka usumaku huko kwa sumaku ya pembeni, lakini watafiti wa kampuni ya Philips mwaka 1975 walichapisha hila iliyo nzuri zaidi: acha usumaku ulale kwa urefu unakopenda, ugeuze mkondo. Walipaka juu ya utepe mistari ya metali inayopitisha umeme vizuri sana, imeinama digrii 45 kama michirizi ya ile nguzo ya kinyozi wa Kizungu (barber pole), na kifaa kikabeba jina hilo. Mkondo hutoka mstari mmoja kwenda mwingine kwa njia fupi, kwa hiyo ndani ya pamaloi unakwenda kwa kiguu upande, digrii 45 na usumaku. Sasa R inabadilika kwa 3 sin 2φ, ambapo φ ni pembe ndogo ambayo usumaku umegeuka, na mikrotesla zilezile 50 zinakupa omu 0.15. Mara arobaini ya zile za mwanzo. Tena zikitoka kulia ukinzani unapanda, zikitoka kushoto unashuka. Dira nyingi za kielektroniki zimejengwa juu ya wazo hilo.

Umeniuliza pia, kwenye mstari wa mwisho wa barua ambao nimeukata hapo juu, kama hiki ndicho kile kilichompa Albert Fert na Peter Grünberg tuzo ya Nobel ya mwaka 2007. Hapana, ingawa ni ndugu. Wao mwaka 1988 walifanya kazi na tabaka za chuma zilizotenganishwa na kromi nyembamba sana, na huko pembe inayohesabika si ile kati ya usumaku na mkondo, ni ile kati ya usumaku wa tabaka moja na wa jirani yake. Inajirudia mara moja kwa mzunguko, na ni kubwa zaidi sana. Vichwa vya kusomea diski za kompyuta vilivyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilitumia ukinzani wa aina yako. Kufikia mwisho wa muongo huo vilikuwa vimeshahamia kwenye wa kwao.

Kwa hiyo kesho fanya lile jaribio la kurudi nyuma kwa koili, kabla hujafanya lolote jingine. Andika pembe mbili za ruko, zijumlishe, ugawe kwa mbili. Isipokuwa 90 kamili, tofauti hiyo ndiyo kosa la kupanga koili zako kuhusiana na utepe, au upendeleo wa pamaloi yako haukulala kwa urefu kama nilivyodhani. Utajua ni lipi kati ya hayo ukitazama vilele vya sumaku ya militesla 80, ukiizungusha kwa kipimo kilekile cha pembe, vimekaa wapi: vikisogea kwa kiasi kilekile, ni upangaji.